Kuusalimia Uyoga

Kwenye vilima vya Kilungu, Ukambani, ni vigumu kupata mahali tambarare pa kuweka ndoo. Ukiiweka vibaya, utaikuta kwa jirani wa chini. Wenyeji wamezoea. Wanapanda na kushuka mchana kutwa, na mgeni akihema wanacheka kidogo, kisha wanamwonyesha jiwe la kukalia.

Kathini aliishi kwenye mteremko huo tangu alipoolewa na marehemu Nyamai. Nyumba yake ilikuwa ya juu. Nyumba ya chini ilikuwa ya mwanawe, Musyimi, na mkewe, Mutindi. Katikati kulikuwa na miparachichi michache na kijia chembamba. Nyuma ya nyumba ya Kathini ndipo msitu ulipoanzia.

Kila jioni mjukuu wake, Yvonne, alipanda kijia hicho. Alikuwa na miaka sita. Alishika bakuli kwa mikono miwili, limefunikwa kwa sahani.

"Susu, chakula."

"Asante, mama yangu. Wewe umekula?"

"Nimekula kwa mama."

Yvonne alisimama mlangoni. Hakuingia. Alingoja susu yake ahamishe chakula, kisha akashuka na bakuli tupu. Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikaa karibu na mafiga ya susu, akala kwenye sahani ya susu, akalala hapo hapo na punje ya mahindi shavuni. Siku hizi bakuli lilipanda limejaa na kushuka tupu. Mafiga ya Kathini yalikuwa ya kuchemshia chai tu, tena ya mtu mmoja.

Hakuna aliyemkataza kumpikia mtoto. Hakuna aliyesema neno. Kama wangesema, angejibu. Lakini utajibu nini mahali ambapo hakuna aliyesema kitu? Ilimuuma. Ilimuuma kuliko goti lake, na kuliko macho yake ambayo yalikuwa yameanza kuona kama mtu anayechungulia nyuma ya kioo kichafu.

Mambo yalianza mwaka uliopita, mvua ya Novemba iliposhika. Mutindi alikuwa ameenda sokoni kuuza matunda. Musyimi alirudi kutoka msituni na mzigo wa nyasi za ng'ombe. Juu ya nyasi kulikuwa na uyoga, ameufunga vizuri kwa jani la mgomba. Alikuwa ameuvunja kwenye shina, safi, bila udongo. Kathini akaupika kwa kitunguu na nyanya. Yvonne alikula kuliko wote, kwa sababu susu alimwongeza.

Giza lilipoingia, watu wazima waliumwa na tumbo. Yvonne alitapika mpaka akawa hana nguvu ya kushika kikombe. Alilazwa hospitalini. Kwa siku kadhaa walikaa kwenye benchi, wakimtazama kila muuguzi aliyepita.

Kathini ndiye aliyesema kwanza. "Ni mimi. Macho yangu yamenidanganya."

Mutindi aligeukia mlango wa wodi. Musyimi aliangalia viatu vyake. Mtoto akapona, Mungu ashukuriwe, wakarudi nyumbani. Tangu siku hiyo Kathini hakuingia msituni tena, yeye aliyeujua tangu akiwa bibi arusi.

Novemba nyingine ikafika. Asubuhi moja Mutindi alipanda kijia akiwa na mgeni. Alikuwa mwanamke kijana, amefunga kitambaa kichwani, amevaa gambuti, na kikapu mkononi.

"Hodi kwa mama," mgeni alisema kwa Kikamba cha Mwingi.

"Karibu. Kaa hapo, usihangaike na hiyo matope."

Mgeni alijitambulisha. Aliitwa Zulekha. Alikuwa mtafiti, na kwa muda huo alikuwa amepanga chumba pale sokoni. "Naandika uyoga ya msitu huu," alisema. "Ziko aina gani, zinamea wapi, zinatoka mwezi gani."

Kathini alicheka kidogo. "Uyoga inaandikwa? Kwani inataka kitambulisho?"

"Inaandikwa, mama. Miti ya hapa watu wameandika. Ndege wameandika. Uyoga tumekula tu, hatukuandika. Ukikatwa huu msitu kesho, hatutajua hata tumepoteza nini. Sasa pale sokoni nimeuliza nani anajua uyoga. Kila mtu ananiambia, nenda kwa Kathini wa Nyamai."

Mutindi alikaza leso kiunoni. "Alikuwa anajua," alisema polepole, akiangalia kando.

Kathini hakukasirika. Aliinamisha kichwa. "Huyu anasema ukweli. Mimi nilimlisha mjukuu wangu sumu. Tafuta mtu mwingine, mwanangu."

Zulekha aliweka kikapu chini. "Pole, mama. Mtoto alipona?"

"Alipona."

"Na hospitali walijua ni uyoga gani?"

"Wangejua aje? Tulikuwa tumemaliza sufuria."

"Basi niseme hivi," Zulekha akasema. "Sitafuti mtu wa kupika. Natafuta mtu wa kunionyesha mahali zinamea. Hatutakula kitu. Hata kuonja, hapana."

Kathini aliyasikia maneno hayo yakitua mahali pazuri. Hatutakula kitu. Kwa hiyo angeweza kwenda msituni bila kumdhuru mtu. Hakujua kama alikuwa ameutamani msitu kiasi hicho mpaka alipojiona anatafuta fimbo yake.

Asubuhi iliyofuata walipanda wote wawili. Msitu ulikuwa unadondosha maji, na kulinuka majani yaliyooza. Kathini alitangulia. Miguu yake iliijua njia hata pale macho yalipokataa.

Mara akasimama. "Ile naiona," alisema. Alinyoosha fimbo kwenye gogo lililoanguka. Juu ya gogo kulikuwa na kitu cha manjano sana, kimetandaa kama uji uliomwagika. "Mengine yote ni ukungu tu kwangu. Lakini hiyo naiona. Sisi tukiwa wasichana tuliita uji wa msitu."

Zulekha alipiga magoti. "Mama, leo umenifurahisha. Hii si uyoga."

"Ni nini sasa?"

"Si uyoga, si mmea, si mnyama. Ni kiumbe cha aina yake. Kinakula vijidudu vidogo sana juu ya mti uliooza. Na kinatembea."

"Usinitanie. Mimi ni mtu mzima."

"Kinatembea polepole. Huwezi kukiona kikienda, lakini ukirudi kesho utakuta kimehama. Nipe kijiti."

Zulekha alichomeka kijiti kwenye gogo, pale pale ule umanjano ulipoishia. Kisha akaanza kazi yake. Alipiga picha kwa simu. Akaandika tarehe, mahali, na kwamba gogo lilikuwa limeoza. Akaandika jina ambalo Kathini alilitaja, na chini yake: aliyesema ni Kathini wa Nyamai.

"Kwa nini unaandika mimi?"

"Kwa sababu ni wewe umesema. Mtu akisoma huko mbele, ajue hilo jina lilitoka kwa nani."

Walikwenda hivyo hivyo asubuhi nzima. Kila walipopata uyoga, Zulekha aliupiga picha kutoka juu, kutoka ubavuni, na kwa chini, kwenye ile mikunjo iliyopangwa kama kurasa za kitabu. Aliweka shilingi kando yake ili ukubwa uonekane. Aliandika mti uliokuwa karibu. Aliuchimba mmoja mzima kwa kisu, pamoja na sehemu ya chini iliyofichwa na udongo, akautia kwenye mfuko wa karatasi. Mingine aliiacha.

"Mbona hutumii mfuko wa nailoni?" Kathini aliuliza.

"Kwa nailoni inaoza kabla nifike nyumbani. Sasa nipe pua yako, mama. Hii inanukaje?"

Kathini alinusa. "Kama unga uliokaa sana."

"Mimi nilikuwa naandika haina harufu," Zulekha alisema, akafuta, akaandika upya. Wakacheka.

Jua lilipoanza kupenya majani walifika kwenye kichuguu kikubwa. Pembeni yake uyoga ulikuwa umechomoza, wenye vichwa vyeupe vilivyochongoka katikati. Kathini aliweka fimbo chini. Alipiga magoti, akaugusa mmoja, akateremsha kidole cha shahada kwenye udongo kando ya shina, taratibu. Alikaa hivyo kidogo. Kisha akauvunja.

"Subiri, mama," Zulekha alisema. "Hapo umefanya nini na kidole?"

Kathini aliona haya. "Ah, hiyo ni tabia ya zamani tu. Mama yangu alinifundisha. Lazima umsalimie kwanza. Hii ni nyumba ya mchwa. Huwezi kubeba kitu kwa nyumba ya mtu bila salamu."

"Na ukimsalimia, anajibu?"

"Anajibu. Asipojibu unamwacha."

"Anajibuje?"

Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Kathini alifikiri. "Kidole kinashuka, kinapata mzizi. Unaufuata mzizi na haufiki mwisho. Huyo amejibu. Lakini kuna mwingine, kidole kinagonga kitu. Huko chini ni mviringo, kama yai limewekwa ndani ya kikombe. Huyo mama alisema si mwenye nyumba. Ni mgeni, achana naye."

Zulekha aliketi chini kwenye matope bila kujali nguo zake. Kisha akachimba. Uyoga wa kichuguu ulitoka na mzizi mrefu, mweupe, ukielekea chini kabisa kwa mchwa. Akainuka, akaenda hatua chache hadi chini ya misonobari, akarudi kumshika Kathini mkono.

"Kuna mwingine hapa. Msalimie."

Kathini aliinama, akateremsha kidole. Kidole kiligonga. "Huyu hajibu."

Zulekha aliuchimba huo pia, akaweka vidole vya Kathini kwenye sehemu ya chini. Kathini alikipapasa kile kikombe, laini, kimechanika upande mmoja. "Huyu ana sumu," Zulekha alisema. "Sasa fikiria tumevunja shingo za wote wawili. Hiki kikombe kimebaki ardhini. Vichwa vyao vyote ni vyeupe, vimelowa mvua. Hapo mtu anaweza kukosea, hata mwenye macho mazuri. Mama yako alikupa kipimo. Alikiita salamu."

Kathini alibaki na kile kikombe mkononi.

"Mwaka jana mimi sikusalimia," alisema hatimaye.

"Kwa nini?"

"Sikuja. Goti lilikuwa limevimba. Ni Musyimi alileta. Zilikuwa zimeshavunjwa."

Mtu angedhani Kathini angefurahi. Mzigo wa mwaka mzima ulikuwa umemtoka mabegani. Lakini alijua ungeenda kutua wapi. Musyimi alikuwa mtoto wake wa mwisho. Ndiye aliyembeba Yvonne mgongoni hadi barabarani siku ile, akikimbia kwenye utelezi.

"Usimwambie," Kathini alisema. "Mimi nimeshazoea. Nikimpa yeye huu mzigo, atauweka wapi? Ni mtoto wake."

Zulekha aliufuta udongo kwenye kisu chake. "Mama, mvua imenyesha," alisema. "Kesho au kesho kutwa Musyimi atapita hapa tena akikata nyasi. Ataona uyoga. Atafanya nini?"

Kathini alimwona mwanawe akilini akiuvunja, safi, bila udongo, akiufunga kwa jani.

"Basi nitamwambia mimi," alisema. "Polepole."

Jioni walikutana jikoni kwa Mutindi. Zulekha alikuwa ameweka mkoba wake pembeni, ameketi kama mgeni wa kawaida. Kathini alikuja na mikebe miwili. Katika kila mkebe kulikuwa na udongo, na katika udongo uyoga mmoja, umesimama kama ulivyoota.

Musyimi alinawa mikono, akaketi. Alipoiona mikebe alishtuka. "Mwaitu, hizi za nini? Si ulisema hutapika uyoga tena?"

"Si za kula. Nataka kukuuliza. Hapo kuna mmoja mzuri na mmoja mbaya. Ni gani?"

Musyimi aliangalia. Aligeuza mkebe mmoja, akageuza wa pili. "Zinafanana. Zimetoka kwa kichuguu?"

"Kando ya kichuguu."

"Basi ni sawa zote. Uyoga ya kichuguu ni nzuri, kila mtu anajua hivyo."

Mutindi aliacha kukoroga sufuria.

"Nipe kidole chako," Kathini alisema. "Tunawasalimia."

Musyimi aliuvuta mkono wake. "Mwaitu, hayo mambo niliacha. Unajua mimi nimeokoka. Siwezi kusalimia ardhi."

"Najua umeokoka, na mimi nilikuja kanisani siku hiyo nikapiga makofi. Leta kidole."

Zulekha alisema kwa upole, "Kaka, mimi ni Mwislamu. Hata mimi siombi ardhi. Hii ni kupima, si kuomba."

Musyimi alimwangalia mke wake, kisha akatoa kidole kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Kathini alikishika. Alikiongoza kwenye mkebe wa kwanza, kando ya shina, akakiteremsha. "Unasikia nini?"

"Mzizi. Unashuka tu."

Alikipeleka kwenye mkebe wa pili. Musyimi alisukuma kidogo, akasimama. Akasukuma tena. Polepole aliuchomoa uyoga wote kutoka kwenye udongo, akakitazama kile kikombe.

"Hii kitu sijawahi kuiona."

"Hukuweza kuiona. Inabaki chini ukivunja."

Musyimi alihesabu mwenyewe kichwani, bila kuambiwa. "Na zile nilileta," alianza.

Kathini hakumwachia mkono. "Hukujua. Sikiliza, Musyimi. Hukujua, na mimi sikujua. Mama yangu alinifundisha kufanya, hakunifundisha kwa nini. Mimi nikadhani ni heshima tu. Nikakufundisha wewe vivyo hivyo, nusu. Ungeshika aje kitu ambacho hata mimi sikuwa na maana yake?"

Musyimi aliinama juu ya meza, akalia. Mutindi aliondoa sufuria kwenye moto. Alikuja akasimama mbele ya mama mkwe wake, na mwiko bado uko mkononi.

"Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima umekaa huko juu ukidhani ni wewe."

"Nilidhani hivyo."

"Na mimi nikakuacha udhani." Mutindi aliuweka mwiko chini. "Nisamehe, mwaitu."

"Ulikuwa unalinda mtoto," Kathini alisema. "Ungeacha kumlinda, hapo ndipo ningekasirika."

Zulekha alikuwa akiangalia moto, maana kuna mambo ya nyumba ambayo mgeni hayatazami. Kisha Musyimi alifuta uso kwa mkono wa shati.

"Kwa hivyo mtu akiweka kidole, akapata mzizi, anakula?"

"Bado," Zulekha alisema. "Kidole ni mlango wa kwanza tu. Kuna uyoga ya sumu ambayo haina kikombe. Nyingine inamea kwa nyasi, inapendeza, na inaumiza watu. Tena hiyo misonobari ilipandwa. Inawezekana ilikuja na uyoga yake, ambayo mama yake mama hapa hakuwahi kuiona."

"Watu husema ikiwa mbuzi amekula, ni salama."

"Tumbo ya mbuzi si yako. Na konokono si wewe. Na kitunguu kwa sufuria haionyeshi chochote, hata ibadilike rangi au isibadilike. Kuchemsha sana pia si dawa."

"Na picha ya simu?" Mutindi aliuliza. "Si unaweza tu kutuma?"

"Picha ni ya kuandika kumbukumbu. Mtu asikwambie kula kwa sababu ya picha. Mimi mwenyewe sikubali. Usipoijua kwa uhakika, unaiacha msituni. Ina kazi yake huko, inaozesha magogo na kulisha miti."

"Na mtu akishakula, akaumwa?"

"Hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje. Na ubebe iliyobaki, hata kipande, hata matapishi kwa mfuko. Na akiacha kutapika usiseme amepona. Kuna aina inatuliza tumbo kwanza, halafu inaharibu ini kimyakimya. Yvonne mlimpeleka mapema. Mlifanya vizuri sana."

Musyimi aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyepewa maji.

Kabla ya kuondoka, Zulekha alikata kichwa cha kila uyoga. Aliviweka juu ya karatasi, nusu nyeupe na nusu nyeusi, mikunjo ikiangalia chini. Akavifunika kwa bakuli, kila kimoja na lake. "Uyoga ina unga wake," alisema. "Ndiyo mbegu zake. Asubuhi mtaona rangi. Mtu asiguse, na mikono tunanawa."

Asubuhi Yvonne aliamka mapema. Alikuta watu wazima wamezunguka meza, susu akiwa miongoni mwao. Mutindi aliinua bakuli la kwanza. Kwenye karatasi kulikuwa na mistari mingi myembamba iliyotoka katikati, ya rangi ya waridi hafifu. Akainua la pili. Humo unga ulikuwa mweupe, na ulionekana kwenye upande mweusi tu.

"Imechora jua," Yvonne alisema.

"Imejichora yenyewe," Kathini alimwambia. "Kila mmoja ana sahihi yake."

Zulekha alipiga picha michoro yote miwili, akaandika. Kisha Kathini akasema angependa kurudi kwenye lile gogo, kuona kama mtaalamu alikuwa anamtania. Yvonne aliangalia susu, akaangalia mama yake. Hakuomba. Alikuwa amejifunza kutoomba.

Mutindi alimfunga mtoto sweta. "Nenda na susu," alisema. "Mshike mkono. Njia inateleza."

Basi walipanda, mmoja haoni vizuri na mwingine hajui njia, na walifika salama. Kijiti kilikuwa pale pale. Ule umanjano ulikuwa umekipita na kuteremka ubavu mwingine wa gogo. Nyuma yake ulikuwa umeacha alama nyembamba iliyokauka.

"Susu, imetembea."

"Nimeona," Kathini alisema. Na kweli alikuwa ameona. Aliketi kwenye gogo na kumpakata mtoto, akalia kidogo bila aibu, maana pale msituni hapakuwa na mtu wa kumuuliza sababu.

Siku zilizofuata nyumba hizo mbili zilishika kazi. Kathini aliongoza. Musyimi alichimba. Mutindi, aliyekuwa na mwandiko mzuri, aliandika tarehe, mti, harufu na jina. Majirani waliposikia kwamba uyoga unasalimiwa upya walicheka, kisha wakaja mmoja mmoja na mikebe yao. Musyimi ndiye aliyewafundisha kuuchimba mmoja mzima kwanza kabla ya kuvunja wowote. Hakuficha kilichompata. Alisema, "Mimi nilivunja tu, na mtoto wangu akalazwa." Baada ya hapo hakuna aliyecheka.

Nyumbani kwao waliweka kanuni. Uyoga usiojulikana hauingii jikoni. Unaojulikana unachimbwa, unasalimiwa, unaachwa chini ya bakuli hadi asubuhi, na Kathini akiwa na shaka hata kidogo unatupwa. Mtoto mdogo halishwi uyoga wa msituni kabisa. Kanuni hiyo ya mwisho aliitoa Kathini mwenyewe. "Akue kwanza," alisema. "Mimi nitamngoja."

Zulekha alipokuja kuaga, aliwasomea orodha. Ilikuwa ndefu. Aina nyingine hata yeye hakuzijua bado, na alikuwa anazipeleka kwa wenzake wazitazame. Kando ya majina ya Kikamba kulikuwa na jina lile lile, kila mstari: Kathini wa Nyamai. Mutindi alisema, bila kumwangalia mtu, kwamba wiki ijayo angempeleka mwaitu kliniki ya macho, kwa sababu mtu wa kuandikwa hivyo hawezi kuwa anapapasa kuta.

Jioni hiyo Kathini alikuwa mlangoni pake akisikiliza mvua ikikaribia kutoka upande wa chini. Mchana alikuwa amechambua maharagwe, akaweka muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa kwenye moto, kwa mazoea tu ya mikono. Sufuria ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Alijicheka.

Akasikia hatua ndogo kwenye kijia. Yvonne alikuja akikimbia, bakuli mkono mmoja, linaning'inia. Halikuwa limefunikwa.

Kathini aliinuka kulipokea kama kawaida, akatia mkono ndani. Lilikuwa tupu.

"Umemwaga, mama yangu?"

"Hapana, susu," Yvonne alisema. Alimpita mlangoni, akaenda moja kwa moja kuketi karibu na mafiga. "Mama amesema leo nikule kwako. Na ujaze, nimpelekee na yeye."